Bunduki moja kwa rundo la ngozi: je, wenyeji wa kaskazini ya Kanada walipunjwa?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa sita naishi Winnipeg, Kanada. Kijana wangu wa miaka 12 ana kazi ya shule kuhusu Wazungu wa kwanza waliokuja huku kununua ngozi za wanyama kwa wenyeji. Nikamsimulia nilivyosikia kwa jirani: Mzungu alikuwa anasimamisha bunduki chini, Mhindi Mwekundu anapanga ngozi za biva, mnyama wa majini wa huku, mpaka zifike mdomo wa mtutu, ndipo anapewa hiyo bunduki. Nikaongeza kwamba ndivyo wazee wetu walivyotoa pembe za ndovu wakapewa shanga. Kijana akanijibu kuwa mwalimu wake amesema hiyo ni hadithi tu, wenyeji walikuwa wafanyabiashara hodari. Sasa nimechanganyikiwa. Kama walikuwa hodari hivyo, mbona ardhi si yao tena? Nani kati yetu anakosea, na nimwambie nini mtoto?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana mara ya kwanza nilicheka. Miaka mingi nimefundisha habari za misafara yetu ya pwani na bara, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kusema, "Walitupa shanga, wakachukua pembe." Sikujua kama hadithi ile ina ndugu yake kwenye theluji.

Umeuliza maswali mawili ukayafunga kwenye kitambaa kimoja. La kwanza ni la dukani: aliyeleta ngozi alipunjwa? La pili ni la ardhi: ilitokaje mikononi mwake? Wengi wetu hulijibu la pili kwa la kwanza, tukidhani kwamba aliyepoteza shamba lazima alikuwa mjinga sokoni. Kwenye la kwanza, kijana na mwalimu wake wako karibu zaidi na ukweli kuliko jirani yako. Kwenye la pili, wewe ndiye umegusa penyewe.

Kwanza tuliache hilo jina "Wahindi Wekundu". Wahindi tunaowajua sisi watu wa pwani walitoka Kachi na Gujarati, wakatufungulia maduka. Jina la huko lilitokana na Columbus kudhani amefika Bara Hindi, na kosa la baharia mmoja limebebeshwa mamilioni ya watu. Unaoishi nao wana majina yao: Wacree, ambao wenyewe hujiita Nehiyawak, Waanishinaabe, Wadene wa kaskazini zaidi, na Wametis, waliozaliwa kutokana na biashara hii hii. Ninapowataja kwa jumla nitasema wenyeji.

Sasa bunduki. Hadithi ya kupanga ngozi mpaka mdomo wa mtutu haina ushahidi. Bei tunaijua, kwa sababu Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati na mfalme wa Uingereza mwaka 1670, ilikuwa na maradhi ya kuandika kila kitu. Kwenye ngome zake za pwani ya Ghuba ya Hudson hakukuwa na sarafu. Kipimo cha thamani kilikuwa ngozi 1 nzuri ya biva mkubwa aliyenaswa majira ya baridi, na kila bidhaa, na kila ngozi ya mnyama mwingine, ilihesabiwa kwa hiyo, kama wazee wetu walivyohesabu mambo kwa doti za merikani. Katika orodha ya bei ya mwaka 1733, ngozi 1 ilimpatia mtu ratili 1 na nusu ya baruti, au ratili 5 za marisawa, au ratili 2 za sukari. Bunduki, kutegemea urefu wake, ngome na mwaka, ilikwenda kwa ngozi 10 hadi 14. Zilaze chini ngozi 14 zilizokaushwa, moja juu ya nyingine: hazifiki goti.

Lakini najua utaniambia, ngozi 14 bado ni nyingi kwa chuma na kipande cha mti. Hapo inabidi tuulize ngozi yenyewe ilikuwa nini machoni pa kila upande, kwa sababu biashara yote iliegemea hapo.

Biva ni mnyama wa majini, mwenye meno ya kukata miti na mkia kama kafi. Manyoya yake ni ya tabaka mbili. Juu kuna nywele ndefu ngumu, zisizo na faida kwa fundi. Chini yake kuna sufi laini, na kila unyuzi wa sufi hiyo una magamba madogo sana yanayoshikana na ya mwenzake. Ukiikanda kwa joto, maji na shinikizo inakuwa kitambaa kigumu kisichofumwa, kinachostahimili mvua na kushika umbo unalokipa. Hicho ndicho felti, na kwa karne mbili mwanamume wa heshima wa London au Paris hakutoka nje bila kofia ya felti ya biva. Biva wa kwao Ulaya walikuwa wamewindwa karibu kwisha. (Mafundi wa kofia, kwa njia, walikuja kutumia zebaki kulainisha manyoya, nao wakawa wanatetemeka mikono na kupotewa na akili. Biashara hii ilidhuru watu pande zote mbili za bahari.)

Tatizo la fundi lilikuwa zile nywele ndefu za juu, maana kuziondoa ni kazi ngumu. Wenyeji walishona ngozi kadhaa za biva pamoja zikawa vazi la baridi, manyoya kwa ndani, wakalivaa mwaka mzima na zaidi. Jasho, mafuta ya mwili na msuguano vilizing'oa nywele ndefu zote, ikabaki sufi tupu, laini na yenye mafuta, tayari kwa fundi. Kwa hiyo vazi kuukuu lilinunuliwa kwa bei kubwa kuliko ngozi mpya.

Nataka uione hali hiyo kwa macho ya mvaaji. Amelivaa koti lake misimu miwili, limechakaa, alikuwa karibu kulitupa. Anatokea mtu na jahazi kutoka ng'ambo, analipokea kwa mikono miwili, anampa sufuria ya shaba ambayo haivunjiki na inakaa motoni moja kwa moja, au shoka linaloangusha mti kwa sehemu ndogo ya muda uliotumiwa na shoka la jiwe. Nani hapo mjinga? Mwaka 1634 padri Mjesuiti wa Kifaransa, Paul Le Jeune, aliyekaa majira ya baridi na Wainnu, wenyeji wa karibu na mto Saint Lawrence, aliandika maneno ya mwenyeji wake. Mtu yule alisema kwa mzaha kwamba biva hufanya kila kitu vizuri kabisa: hufanya sufuria, mashoka, panga, visu, hata mkate. Kisha akamwonyesha kisu kizuri sana, akasema Waingereza hawana akili, wanatupa visu 20 kama hiki kwa ngozi 1 ya biva. Kila upande ulikwenda kulala ukimcheka mwenzake, na hiyo ndiyo biashara inayodumu.

Hawakuwa wanunuzi wa kuridhika na chochote pia. Kila mwaka barafu ilipoyeyuka, mitumbwi ya magome ya mti iliteremka mito kwa wiki nyingi hadi ngome ya York Factory, iliyojengwa 1684. Wacree na Waassiniboine waliokuja na mitumbwi hiyo wengi wao walikuwa wachuuzi wa kati: walikusanya ngozi kwa watu wa mbali zaidi bara, wakawauzia wao sufuria na visu vilivyokwisha kutumika kwa bei ya juu. Unaijua kazi hiyo, ni ya Wanyamwezi na watu wa Ujiji. Walipofika hawakukimbilia dirishani. Kwanza kiongozi wao alipewa zawadi, koti la kizungu na kofia, wakavuta kiko pamoja, wakahutubiana. Hotuba hizo ziliandikwa na watu wa ngome, nazo zinachekesha kwa jinsi zinavyofanana na za mnunuzi yeyote wa Kariakoo: tupe kipimo kamili, baruti ya mwaka jana ilikuwa pungufu, bunduki zako zimepasuka, tumbaku hii mbovu, tuonyeshe nyingine kwanza. Kampuni ililazimika kununua tumbaku ya Brazili kupitia Lisbon na kuisafirisha hadi Ghuba ya Hudson, kwa sababu wenyeji waliikataa ya Kiingereza. Mteja anayedhaniwa mshamba ndiye aliyekuwa akiamua meli ipakie nini.

Na alikuwa na pa kwenda. Wafaransa walikuwa wakimfuata kwake kutoka upande wa kusini. Mwaka 1738 watu wa Mfaransa La Vérendrye walijenga kingome pale mito Red na Assiniboine inapokutana, katikati kabisa ya mji unaoishi. Waingereza wa Ghuba walipojua hivyo walilegeza mikono. Mabwana wa London walidhani wakipandisha bei ya kununulia wataletewa ngozi nyingi zaidi. Watu wao wa ngomeni wakawaeleza kwamba mambo hayaendi hivyo: mtu mwenye mtumbwi mmoja ana nafasi ya mizigo ya mtumbwi mmoja, na akishapata anachohitaji kwa mwaka huenda akaleta ngozi chache zaidi, akabaki nyumbani.

Kuhusu shanga zetu, mama, niruhusu nikusahihishe kidogo. Msafara uliokwenda bara na shanga za rangi isiyotakiwa ulikwama njiani na njaa juu. Waliotaka samesame nyekundu hawakuchukua nyeupe, na mtindo uliweza kubadilika kabla msafara haujarudi Bagamoyo. Pembe nazo zilikwenda kutengeneza vibonye vya piano na mipira ya biliadi ya watu wasiotuhusu, kama biva alivyokwenda kuwa kofia. Ila usizifananishe njia mbili hizi kwa kila jambo. Kwetu pembe na watumwa vilisafiri njia moja. Kule kaskazini mateka wa vita walikuwapo, na Wafaransa wa Quebec walikuwa nao watumwa wenyeji, lakini Kampuni ya Ghuba ilitaka mtu abaki msituni akiwinda.

Basi hakuna aliyepunjwa? Walipunjwa, na ni haki kijana ayaandike hayo pia. Wakuu wa ngome walikuwa na bei rasmi na bei yao. Unajua ule ujanja wa kidole ndani ya kibaba? Walikuwa nao. Tofauti iliyopatikana iliandikwa kwenye hesabu kama ziada, tena kwa fahari. Pombe ilizimuliwa maji. Hata mwaka 1660 askofu Laval wa Quebec aliwatenga na kanisa waliowauzia wenyeji brandi, na haikusaidia. Mbaya zaidi ilikuwa miaka ya mwisho ya karne ya 18 hadi 1821, wakati kampuni mbili, ya Hudson's Bay na ya North West yenye makao Montreal, zilipogombea kila mto, na pombe ikamiminwa kama chambo. Mwaka 1821 zikaungana. Ulevi ukapunguzwa, ndiyo, lakini na mteja akabaki na dirisha moja tu la kuuzia. Bei nzuri ilikuwa imeletwa na kuwapo wanunuzi wawili, na sasa alibaki mmoja.

Kijana akitaka mtu wa kumwandikia, mpe Thanadelthur. Alikuwa msichana wa Kidene aliyetekwa na Wacree mwaka 1713. Wacree walikuwa na bunduki za Waingereza, Wadene hawakuwa nazo, na unaweza kukisia vita vilikwendaje. Alitoroka na mwenzake, mwenzake akafia njiani, naye akafika York Factory mwezi wa Novemba 1714, karibu kufa kwa njaa. Gavana wa ngome hiyo, James Knight, alikuwa akitafuta njia ya kuwafikia Wadene. Binti huyu akawa njia hiyo. Juni 1715 aliondoka na Mwingereza mmoja, William Stuart, na Wacree kama 150, kwenda kutafuta amani na watu wake. Njaa na maradhi vikawatawanya. Waliobaki wakakuta miili ya Wadene waliouawa na Wacree wengine, na wote wakataka kurudi kwa kuogopa kisasi. Thanadelthur akawaambia nisubirini siku 10. Akaenda peke yake. Siku ya kumi akatokea na zaidi ya Wadene 100 nyuma yake, sauti imemkauka kwa kuwabembeleza siku zote hizo. Amani ikafungwa.

Aliporudi ngomeni aliwafundisha ndugu zake namna ya kuandaa ngozi, na aliyeleta ngozi mbovu alishikwa pua, akasukumwa nyuma, akaitwa mpumbavu. Knight mwenyewe ndiye aliyeyaandika hayo, kwa mshangao na heshima. Binti akafariki kwa maradhi tarehe 5 Februari 1717, kabla ya kuiona ngome ya Churchill iliyojengwa mwaka huo huo kwa ajili ya watu wake. Alikuwa mateka, mkalimani, mpatanishi na dalali, na siwezi kumwona mtu aliyedanganywa ndani yake. Wanawake wengine wengi waliishika biashara hii bila kuandikwa majina: ndio walioshona viatu vya theluji na makubadhi ya ngozi, waliotengeneza pemikani, ile nyama kavu iliyotwangwa na mafuta ambayo bila yake wapagazi wa mitumbwi wasingefika popote, na waliofunga ndoa za kienyeji na Wazungu wa ngomeni. Mwaka 1867 mahakama moja ya Quebec iliamua kwamba ndoa ya namna hiyo, kati ya mfanyabiashara wa ngozi William Connolly na mke wake Mcree, ilikuwa ndoa halali. Lakini mapema zaidi, mwaka 1830, gavana wa kampuni, Simpson, alikuwa amekwisha kumleta mke wa Kiingereza na kumweka kando mama wa watoto wake. Ukoo wa Wametis umetoka katika nyumba za aina hiyo.

Sasa nakuja kwenye swali lako la kweli.

Madhara ya biashara hayakuwa kwenye bei. Yalikuja kwa njia ya mazoea, maradhi na karatasi, na nitakaa zaidi kwenye karatasi.

Mazoea kwanza. Bunduki ni nzuri, lakini inakula baruti, na baruti inatoka mbali. Vuli mwindaji alichukua vitu mali kauli, akalipa kwa ngozi wakati barafu ikiyeyuka. Mwaka mbaya ukimkuta, deni linasubiri. Wakati huohuo biva wanapungua: mnyama huyu anakaa nyumbani kwake, anazaa mara moja kwa mwaka, na ukiijua nyumba yake humkosi. Mwaka 1782 manowari za Wafaransa chini ya La Pérouse ziliiteka na kuichoma ngome ya Churchill. Wadene wa jirani wakabaki bila baruti majira ya baridi yote. Matonabbee, kiongozi mkubwa aliyempeleka Samuel Hearne, mtu wa kampuni na baadaye mkuu wa ngome hiyo, hadi bahari ya Aktiki miaka 10 kabla, alijinyonga, na wake zake na watoto wake kadhaa wakafa njaa. Usisahau lakini kwamba utegemezi ulikuwa wa pande zote: Wazungu wa ngomeni walikula mabata bukini na nyama walizoletewa na Wacree, wakatembea kwa viatu vya theluji vya Wacree. Tofauti ni kwamba Mzungu aliyeshindwa alipanda meli akarudi kwao.

Maradhi, kwa ufupi, kwa sababu hayahitaji maelezo mengi ili kuumiza. Ndui na maradhi mengine yaliwapunguza Wawendat, wenyeji wa Maziwa Makuu ya huko, kwa karibu nusu katika miaka ya 1630. Miaka ya 1781 na 1782 ndui ilipanda kutoka kusini kwa njia za farasi na mitumbwi, ikavifuta vijiji vizima. Hearne alikadiria kwamba katika kila Wadene 10 waliokuwa wakija kwake, 9 walikufa. Hapo hapakuwa na njama. Katika ngome ya Cumberland House watu wa kampuni waliwauguza wagonjwa na kuwazika. Mwaka 1837, ndui ilipokuja tena, daktari wa kampuni William Todd aliwachanja wenyeji wengi na kuwafundisha wachanjane. Haya nayo ayaandike, asiwapake rangi moja.

Sasa karatasi. Tarehe 2 Mei 1670 mfalme Charles wa Pili, ambaye hakuwahi kuvuka bahari hiyo, alitia saini hati iliyoifanya kampuni ya binamu yake Rupert kuwa mabwana na wamiliki kamili wa nchi yote ambayo mito yake inamwagika Ghuba ya Hudson. Hakuna aliyejua ni kubwa kiasi gani. Ilikuja kuonekana ni kama kilomita za mraba milioni 3.9, zaidi ya Tanzania mara nne. Kodi yake: paa wakubwa aina ya elki 2 na biva weusi 2, kila mfalme atakapokanyaga nchi hiyo. Mwaka 1939 mfalme George wa Sita alipofika hapo Winnipeg alikabidhiwa kodi hiyo hadharani, vichwa 2 vya elki na ngozi 2 za biva.

Wenyeji hawakuulizwa, wala hawakuambiwa. Kwao ngome ilikuwa kibanda cha mgeni aliyeruhusiwa kukaa kando ya mto, na zile zawadi za kila mwaka kabla ya kuuza zilikuwa ada ya ujirani, si mbali na hongo waliyodai watemi wa Ugogo kwa kila msafara. Kwa miaka 200 hali hizo mbili zilikaa pamoja bila kugongana: London karatasi ilisema kampuni ni mwenye nchi, na mtoni kila mtu alijua mwenye nchi ni nani. Haikugonga kwa sababu mfanyabiashara wa ngozi anahitaji mwindaji, na mwindaji anahitaji msitu. Hana faida ya kumfukuza.

Kilichobadilika ni mnunuzi. Kofia za hariri ziliiua felti ya biva kwenye miaka ya 1830 na 1840, na nyuma yake wakaja watu waliotaka ngano na reli. Hao hawakumhitaji mwindaji. Mwaka 1870 kampuni iliikabidhi nchi yote kwa Kanada kwa pauni 300,000, ikabakiza sehemu 1 ya 20 ya ardhi yenye rutuba. Wenyeji hawakupata hata shilingi ya fedha hizo. Wametis walipinga wakiwa na kiongozi wao Louis Riel, na jimbo la Manitoba likazaliwa katika mvutano ule.

Kama bado unadhani hawakuelewa, soma kilichosemwa Fort Qu'Appelle, Septemba 1874, serikali ilipokuja kutaka mkataba wa ardhi. Siku kadhaa viongozi wa Wasaulteaux, tawi la Waanishinaabe, walikataa kujadili lolote kabla ya jambo moja. Mzee aitwaye The Gambler aliwaambia wajumbe kwamba kampuni imewaibia ardhi. Kisha chifu Pasqua akamnyooshea kidole mtu wa kampuni aliyekuwa pale, akasema: uliniambia umeiuza nchi yako kwa pauni 300,000, fedha hizo tunazitaka sisi. Maneno hayo yaliandikwa na kuchapishwa na mjumbe wa serikali mwenyewe, Alexander Morris. Hapo hatuzungumzii watu waliouziwa mbuzi kwenye gunia. Walikuwa wameihesabu biashara nzima mpaka senti ya mwisho, na jibu walilopewa ni kwamba jambo hilo lilikwisha kuamuliwa mahali pengine.

Ndiyo maana, ukitaka mfano wa kwetu wa kumpa kijana, ziache shanga. Chukua mwaka 1888, pale kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipopewa hati na malkia wa Uingereza kama ile ya mfalme Charles, nayo mwaka 1895 ikaikabidhi nchi kwa serikali yake huku wenye mashamba wakiwa hawajaulizwa neno. Hati hizo mbili ni mama na binti.

Umeniuliza nimwambie nini. Mimi ningemwambia aandike swali lako kama lilivyo, halafu ajibu nusu ya kwanza kwa Thanadelthur na nusu ya pili kwa Pasqua. Lakini kuna mahali kalamu yangu inaishia. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu vya kampuni, na vitabu hivyo viliandikwa na upande wa ndani wa dirisha. Upande wa nje unasimuliwa na wazee wa Wacree, Waanishinaabe na Wametis, nanyi mnaishi kati yao. Shule nyingi za huko hualika wazee. Mwombe mwalimu wake awakutanishe na mmoja, na kijana aende kwa adabu ya kwetu: aulize kwanza mzee hupewa nini kabla ya kuombwa maneno. Kwa kawaida ni tumbaku, kama ilivyokuwa York Factory.

Kwa macho, mpeleke Makumbusho ya Manitoba akaione nakala ya jahazi la Nonsuch, lililokwenda Ghuba mwaka 1668 na kurudi na ngozi zilizowafungua macho matajiri wa London. Ukubwa wake ni kamili, na utashangaa ulivyo mdogo. Kumbukumbu zote za kampuni ziko hapo hapo mjini, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Manitoba, na mtu wa kawaida anaruhusiwa kusoma. Kampuni yenyewe ilifunga maduka yake yote mwaka 2025, kwa hiyo mwambie ameanza kazi yake kwa wakati mzuri. Na siku isiyo ya baridi nendeni Lower Fort Garry, kaskazini ya mji. Ni ngome ya kampuni, na hapo tarehe 3 Agosti 1871 ulitiwa saini Mkataba wa Kwanza, unaohusu ardhi mliyojenga juu yake: ekari 160 kwa familia ya watu 5, na dola 3 kwa kila mtu kila mwaka. Mengine waliyoahidiwa kwa mdomo, ng'ombe na majembe ya kulimia, hayakuandikwa siku ile. Ilibidi wadai miaka 4 ndipo yakatambuliwa, na dola 3 zikawa 5.

Bado ni 5. Kila mwaka kuna siku za malipo, na ofisa wa serikali huhesabu noti kwa kila mwenye haki. Siku ikitangazwa hapo mjini, mchukue kijana mkasimame pembeni mtazame, kisha yeye mwenyewe apige hesabu kwenye daftari lake. Nisalimie, na akimaliza kuandika naomba nisome.